Sekunde 15 za Risasi: Vita vya Angani vya Sailor Malan

Ndugu zangu, wapenzi wa ndege na wa historia,

Akitajwa rubani wa vita mwenye nishani nyingi, jambo la kwanza kuulizwa ni idadi ya ndege alizoangusha. Idadi hiyo nitaifikia. Lakini naomba tuanze na nyingine: sekunde 15. Huo ndio muda wa kufyatua aliokuwa nao rubani wa Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1940 kabla bunduki zake hazijaisha risasi. Ndege ile ilibeba rashasha 8 za Browning, nne katika kila bawa, na kila moja ilipewa mkanda wa risasi 300. Browning moja hutema takribani risasi 1,150 kwa dakika, yaani 19 kwa sekunde. Gawanyeni wenyewe. Rubani aliyeshikilia kitufe kwa msisimko tangu alipomwona adui alirudi kiwanjani mikono mitupu, au hakurudi.

Adolph Gysbert Malan aliielewa hesabu hiyo kuliko wengi wa wakati wake. Kwa cheo aliishia kuwa Group Captain, sawa na kanali, katika Jeshi la Anga la Uingereza. Kwa nishani alipata DFC mara mbili na DSO mara mbili, zote kati ya Juni 1940 na Julai 1941, na baadaye Ufaransa, Ubelgiji na Chekoslovakia zikamtunuku za kwao. DFC wakati ule ilikuwa ya ushujaa wa maofisa katika mapambano ya angani. DSO hupewa zaidi yule aliyeongoza wengine vitani na akaongoza vyema. Ipateni tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo inayoeleza maisha yake ya vita: alianza kwa kupiga vizuri, akaishia kufundisha wengine kupiga vizuri, na kwa maoni yangu hilo la pili lilikuwa kubwa zaidi.

Alizaliwa mwaka 1910 huko Wellington, katika jimbo la Rasi, Afrika Kusini. Akiwa na miaka 14 aliingia katika meli ya mafunzo General Botha iliyotia nanga Simonstown, kisha akafanya kazi katika meli za Union-Castle, zile zenye ubavu wa zambarau hafifu na bomba jekundu, ambazo wazee wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam walizizoea bandarini. Ndiko lilikotoka jina la Sailor, yaani baharia, ambalo wenzake walimwita hadi kufa. Alijiunga na urubani katikati ya miaka ya 1930, na Desemba 1936 akapangiwa Kikosi cha 74 pale Hornchurch, mashariki ya London. Vita vilipopamba moto alikuwa na miaka 30 kamili, huku vijana aliowaongoza wengi wakiwa na 20 au 22. Alikuwa mtu mzima, ameoa, amezoea nidhamu ya sitahani. Hakuwa mcheshi wa baa. Vijana wake walimheshimu, na baadhi walimwogopa.

Sasa turudi kwenye bunduki, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha kazi yake.

Bunduki za Spitfire zimo ndani ya mabawa, si mbele ya rubani. Zile za nje ziko mbali kabisa na mwili wa ndege. Zikielekezwa mbele moja kwa moja, risasi zitapita kulia na kushoto kwa adui bila kumgusa. Kwa hiyo kila bunduki hugeuzwa kidogo kuelekea ndani, ili mikondo yote 8 ikutane mahali fulani mbele ya ndege. Mahali gani? Vita vilipoanza, wakuu walipendelea yadi 400, yaani mita 366, tena risasi zitawanyike kiasi. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Rubani wa kawaida hana shabaha nzuri, walisema. Basi tumpe duara pana la risasi, angalau chache zitagusa. Tena akipiga kutoka mbali atakuwa salama zaidi na wapiga bunduki wa ndege za mabomu.

Kosa lilikuwa kwamba chache hazikutosha. Risasi ya Browning, ya kipenyo cha milimita 7.7, ina uzito wa takribani gramu 11 tu. Haina baruti ndani ya kulipuka kama kombora la mzinga. Nguvu yake yote ni mwendo wake na wingi wa zile zinazotua mahali pamoja. Kwenye mita 366 mwendo umeshapungua na risasi zimeshatawanyika. Wajerumani nao, baada ya mapambano ya mwanzo, waliongeza mabamba ya chuma nyuma ya viti na wakavalisha matangi ya mafuta mpira unaojiziba wenyewe. Ndege za mabomu zikawa zinarudi Ufaransa na mashimo mia na zaidi, zikiwa bado zinaruka.

Malan, na marubani wengine waliofikia hitimisho hilohilo, walitaka risasi zikutane kwenye yadi 250, takribani mita 230. Alipokabidhiwa Kikosi cha 74 tarehe 8 Agosti 1940, hicho ndicho kilichokuwa kipimo chake, na baadaye kikaenea katika vikosi vingi. Fanyeni hesabu ya mpigo wa sekunde 2: bunduki 8, risasi 19 kwa sekunde, zinakuwa zaidi ya risasi 300, kilo tatu na ushee za metali. Zikitua zote katika eneo dogo kwenye shina la bawa, kwenye injini au kwenye chumba cha rubani, ndege haitoki. Zikitawanywa katika duara la mita kadhaa, zinatoboa mabati tu.

Kazi yenyewe ya kuoanisha bunduki ilikuwa ya mafundi silaha, na ilihitaji uvumilivu. Mkia wa ndege hunyanyuliwa na kuwekwa juu ya kitegemeo, ndege isimame katika mlalo wake wa kuruka, kwa maana ardhini Spitfire hukaa pua juu. Mbele yake, kwa umbali uliopimwa, husimamishwa ubao wenye alama: moja ya kioo cha kulengea na moja ya kila bunduki. Fundi huchungulia ndani ya mtutu, hulegeza na kukaza skrubu za kishikio cha nyuma hadi mtutu uitazame alama yake, kisha hufunga na kukagua tena, maana skrubu ikikazwa hovyo husogeza kila kitu. Bunduki moja tu iliyoachwa bila kufungwa sawasawa hupoteza risasi zake zote 300, na rubani hajui.

Kulikuwa na matatizo mengine. Bunduki za nje zilikuwa mbali na joto la injini. Juu ya mita 6,000 mafuta ya kulainishia yaliganda na bunduki zikagoma. Dawa ilikuwa mabomba ya kupeleka hewa ya moto ndani ya mabawa, na vipande vya kitambaa vilivyobandikwa kwenye matundu ya mitutu ili unyevu na baridi visiingie. Risasi ya kwanza ilikipasua kitambaa. Ndiyo maana mafundi waliosimama kiwanjani walijua, kabla ndege haijagusa ardhi, kama rubani wao amefyatua: kitambaa kikiwa kimechanika, upepo hupiga mluzi katika matundu.

Aina ya risasi nayo ilipangwa. Mikanda ilichanganywa: risasi za kawaida, za kutoboa chuma, na za kuwasha moto. Risasi ya moto aina ya De Wilde ilipendwa kuliko zote, kwa sababu ilitoa mmweko mdogo pale ilipogonga, na rubani akajua kwa uhakika kwamba anapiga. Risasi zenye kuacha mstari wa moshi ziliwadanganya wengi: macho huuona mstari ukipinda kuelekea kwa adui hata kama unapita mita 20 nyuma yake, na adui naye anaamshwa.

Hata hivyo bunduki ikioanishwa vizuri namna gani, rubani bado anapaswa kufika kwenye mita 230, na hapa ndipo wengi walipokwama. Angani hakuna mti wala nyumba ya kulinganisha. Ndege inaonekana kubwa kwa hofu. Kijana aliyeapa kwamba alifyatua kutoka yadi 250 mara nyingi alikuwa yadi 500 au zaidi. Kioo cha kulengea kilisaidia ikiwa mtu alikitumia inavyotakiwa: rubani aliweka upana wa mabawa ya adui, mita 10 hivi kwa Messerschmitt 109, ndege ya kivita ya Wajerumani, na zaidi ya 22 kwa Heinkel 111, ndege yao ya mabomu, kisha akaweka umbali, mabawa yakijaza nafasi kati ya vistari viwili, umbali umetimia. Malan alisisitiza kusubiri hadi hapo, na kisha kusogea zaidi.

Kuna pia suala la kutanguliza. Risasi huchukua theluthi moja ya sekunde kwenda mita 230. Ndege inayokatiza mbele yako kwa kilomita 480 kwa saa husonga mita 44 katika muda huo, yaani urefu wa Messerschmitt tano. Ukiilenga yenyewe, umepiga hewa iliyokuwa nyuma yake. Kwenye mita 366 kosa linakua zaidi, kwa sababu njia ni ndefu na risasi inapunguza mwendo njiani. Ukimjia adui kutoka nyuma, kwa pembe ndogo, tatizo hilo karibu linatoweka. Kwa hiyo kusogea karibu na kushika nyuma hakukuwa ujasiri mtupu. Kulipunguza makosa mawili kwa pamoja, la umbali na la pembe.

Mfano bora wa haya yote ni usiku wa 18 kuamkia 19 Juni 1940. Spitfire haikuumbwa kwa ajili ya usiku: pua yake ndefu humzuia rubani kuona mbele anapotua, magurudumu yake yamekaribiana mno, na ndimi za moto zinazotoka kwenye mabomba ya injini humpofusha. Lakini usiku ule mbalamwezi iling'aa, na kurunzi za ardhini zilikuwa zinazishika Heinkel juu ya Essex. Malan aliomba ruhusa, akaruka peke yake. Ndege ya kwanza aliikuta ikielekea pwani, kwenye mita 2,400 hivi. Aliifyatulia kutoka yadi 200 akaendelea kusogea hadi 50, kwa mpigo mmoja. Mafuta ya Heinkel yakakichafua kioo chake cha mbele; alikaribia kuigonga. Akakata kushoto, akapanda hadi mita 3,650 kuifuata nyingine iliyokuwa imenaswa na kurunzi. Safari hii alianza kwenye yadi 250, akiwa mwangalifu asiipite, na akatoa mipigo mitano ya sekunde 2. Ikashuka ikizunguka, ikaanguka ikiwaka moto Chelmsford.

Hesabuni: mpigo mmoja, kisha sekunde 10. Ndege mbili za mabomu ndani ya zile sekunde 15, usiku, katika ndege isiyofaa kwa kazi hiyo. Na tazameni alivyojirekebisha hapohapo: mara ya kwanza alisogea kupita kiasi, mara ya pili akajizuia. Kwa kazi hiyo alipewa DFC ya pili, miezi miwili hivi baada ya ile ya kwanza aliyoipata kwa mapambano ya Dunkirk, pwani ya Ufaransa, ya mwezi Mei.

Eneo la pili alilolibadilisha ni mpangilio wa ndege zinaporuka pamoja. Kabla ya vita Waingereza waliruka watatu watatu katika umbo la V, ubavu kwa ubavu. Ukiwatazama kutoka ardhini wanapendeza. Angani ni mtego, kwa sababu wale wawili wa pembeni wanatumia macho yao yote kutogongana na kiongozi; anayetafuta adui ni mmoja tu kati ya watatu. Na kikundi kikivunjika, mmoja anabaki bila mwenzake. Wajerumani walikuwa wameshaliacha jambo hilo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, ambako Werner Mölders na wenzake waliruka wawili wawili, kila mmoja akilinda mkia wa mwingine, na jozi mbili zikawa kundi la wanne.

Malan aliacha V mapema. Alikigawa kikosi chake cha ndege 12 katika vikundi vitatu vya wanne, kila kikundi katika mstari, mmoja nyuma ya mwenzake. Mstari hugeuka kwa urahisi, hakuna anayekatiza njia ya mwingine, na ukivunjika unazaa jozi. Yalikuwa maendeleo makubwa, lakini sitawaficha kasoro yake. Mtu wa mwisho katika mstari hana wa kumlinda. Alilazimika kuyumbayumba kushoto na kulia ili atazame nyuma, akitumia mafuta mengi kuliko wenzake, na mara nyingi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuangushwa. Mwaka 1941 vikosi vya Tangmere viliiga mpangilio wa Wajerumani, ule unaofanana na ncha za vidole vinne, na huo ndio uliodumu. Katika hili Malan alipiga hatua moja, wengine wakapiga iliyofuata.

Kuna mengine ambayo hakuwa na uwezo wa kuyabadilisha, ila kuyafundisha. Injini ya Spitfire, iliyoitwa Merlin, ilitumia kabureta yenye boya. Rubani akiinamisha pua ghafla kumfuata adui aliyepiga mbizi, mafuta hupanda juu ndani ya kabureta, injini hukohoa na kupoteza nguvu kwa sekunde moja au mbili, kisha huzama katika mafuta mengi kupita kiasi na kutoa moshi mweusi. Messerschmitt 109 ilipuliziwa mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, haikuwa na ugonjwa huo. Rubani wa Kijerumani akitaka kutoroka alisukuma usukani mbele akaenda zake. Dawa ya rubani wa Spitfire ilikuwa kubinuka kwanza, ndege ilale chali, ndipo avute usukani. Mafuta yanabaki mahali pake, lakini sekunde zimepotea. Mapema mwaka 1941 mhandisi Beatrice Shilling wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough alileta kidude cha kupunguza tatizo hilo: kipande kidogo cha chuma chenye tundu lililopimwa, kinachobana mafuta yanayoingia yasizidi yale ambayo injini inaweza kutumia. Marubani wote wa Merlin wanamdai mama yule shukrani.

Mafundisho ya Malan yalikusanywa katika kanuni 10 fupi za mapambano ya angani, ambazo zilichapwa na kubandikwa kwenye vyumba vya marubani. Sitazisoma zote. Ya kwanza ni ile mnayoijua tayari: karibia kabisa, piga kwa sekunde moja au mbili, na usipige kama shabaha haijatulia. Nyingine inataka rubani anapofyatua asifikirie kitu kingine chochote, akaze mwili, ashike usukani kwa mikono miwili. Sababu yake ni ya kifundi, maana ndege inayoteleza kidogo upande hupeleka risasi kando hata kama kioo kinaonyesha adui yuko katikati. Kuna inayokataza kuruka mlalo ulionyooka kwa zaidi ya sekunde 30 katika eneo la mapambano, kwa kuwa huo ndio muda unaomtosha adui kukuona, kujipanga na kushuka. Kuna inayotaka sehemu ya kikosi ibaki juu wakati wengine wanashuka kushambulia. Na kuna ile ninayoipenda kuliko zote, isemayo uamuzi wa haraka ni bora hata kama si mbinu nzuri kuliko zote. Wengi waliokufa Agosti 1940 walikufa wakifikiria.

Siku tatu baada ya kukabidhiwa kikosi, tarehe 11 Agosti 1940, Malan aliongoza mapambano manne kati ya asubuhi na mchana, kuanzia Dover hadi kwenye misafara ya meli karibu na mdomo wa Thames. Siku hiyo imebaki katika historia ya Kikosi cha 74 kwa jina lake. Hesabu maarufu inasema waliangusha ndege 38. Hapa lazima tuwe wakweli: 38 ni takribani hasara yote ya Wajerumani kwa siku ile, mbele ya vikosi vyote vya Uingereza. Kikosi kimoja hakikuzifanya zote.

Hilo halina maana kwamba vijana wale walidanganya. Ndege moja hupigwa na watu watatu katika nusu dakika, kila mmoja akiona risasi zake tu, na kila mmoja huandika moja. Messerschmitt inayopiga mbizi kwa nguvu zote hutoa moshi mweusi kwenye mabomba yake. Anayeitazama kutoka juu huamini imeungua. Ikiingia mawinguni, hakuna wa kuthibitisha. Pande zote mbili zilizidisha. Idadi inayotajwa kwa Malan mwenyewe ni ndege 27 alizoangusha peke yake na 7 alizoshirikiana na wengine, na wakati anapumzishwa mwaka 1941 hakuna rubani wa vikosi vya kivita vilivyokuwa na makao Uingereza aliyekuwa mbele yake. Kwa miaka mingi alitajwa pia kuwa ndiye aliyemjeruhi Mölders tarehe 28 Julai 1940, Mjerumani akaponea chupuchupu kurudi Ufaransa na majeraha ya mguu. Watafiti wa baadaye wameona kwamba huenda sifa hiyo ni ya rubani wa Kikosi cha 41. Heshima ya Malan haipungui kwa kusema hivyo.

Kuna ukurasa mmoja mchungu ambao wasifu nyingi huupitia mbio. Tarehe 6 Septemba 1939, siku ya nne ya vita, rada na waangalizi waliripoti adui asiyekuwepo. Ndege zilirushwa, ndege hizohizo zikasomwa kuwa adui, zikarushwa nyingine kuzikabili. Malan alikuwa anaongoza kikundi cha Kikosi cha 74. Marubani wake wawili, Paddy Byrne na John Freeborn, walizishambulia na kuziangusha Hurricane mbili, ndege za kivita za Uingereza yenyewe, za Kikosi cha 56. Kijana Montague Hulton-Harrop akafa, rubani wa kwanza wa ndege za kivita wa Uingereza kufa vitani, kwa risasi za wenzake. Wawili wale walipelekwa mahakama ya kijeshi, na Malan akatoa ushahidi upande wa mashtaka, akishikilia kwamba aliitangua amri ya kushambulia kabla haijachelewa. Mahakama iliwaachia huru wote wawili. Freeborn aliendelea kuruka katika kikosi hichohicho, chini ya mtu huyohuyo, na akapata DFC yake mwenyewe. Jambo la maana lililofuata lilikuwa kuharakisha kuzifunga ndege vifaa vya kujitambulisha kwa rada, ili chombo cha rafiki kiweze kuonekana tofauti na cha adui. Anayetaka kumjua Malan lazima amjue na siku ile.

Desemba 1940 alipata DSO, na Machi 1941 akawa mmoja wa wa kwanza kupewa kuongoza vikosi kadhaa kwa pamoja, pale Biggin Hill. Kazi sasa ilikuwa imegeuka. Badala ya kusubiri adui juu ya Kent, walivuka bahari kwenda Ufaransa wakisindikiza ndege chache za mabomu, wakitumaini kuwavuta Wajerumani wapande. Yale yaliyowasaidia mwaka 1940 sasa yaliwasaidia Wajerumani: aliyeruka na mwavuli alitekwa, aliyepigwa injini alikuwa na maji ya Channel, mlangobahari wa kati ya Uingereza na Ufaransa, kati yake na nyumbani, na Wajerumani walichagua wenyewe lini wapande na lini waache. Mwaka huo Waingereza walipoteza ndege za kivita nyingi kuliko walizoangusha upande ule.

Ndege zenyewe zilikuwa zimebadilika. Spitfire V ilikuwa na mizinga miwili ya Hispano ya milimita 20 pamoja na rashasha nne. Kila mzinga ulibeba makombora 60, ya kutosha sekunde 6 hivi, lakini kombora moja lililipuka na kung'oa kile ambacho risasi 50 za Browning zisingekigusa. Majaribio ya 1940 yalikuwa yameharibika kwa sababu mizinga ililazwa ubavu ili iingie ndani ya bawa jembamba, na makombora yakakwama bawa lilipopinda katika mzunguko mkali. Ilipowekwa wima, na uvimbe mdogo ukatengenezwa juu ya bawa kufunika ngoma ya makombora, ikaanza kuaminika.

DSO ya pili ilikuja Julai 1941. Muda mfupi baadaye akaacha kuongoza mapambano. Alikuwa ameruka vitani tangu siku ya kwanza, na alijua kwamba rubani aliyechoka hachelewi kuua watu wake pamoja na yeye. Wengi mashuhuri hawakuijua saa ya kuacha. Alipelekwa kufundisha, kwanza Grangemouth, kisha katika shule kuu ya shabaha pale Sutton Bridge, na mwaka 1944 katika shule ya juu ya shabaha Catfoss. Katikati yake alirudi Biggin Hill mwaka 1943 kama mkuu wa kituo, akaongoza vikosi vya Wafaransa Huru mwaka 1944, na tarehe 6 Juni, siku ya kutua Normandy, akaruka mwenyewe juu ya fukwe. Lakini mimi nazitazama zile shule. Kila kijana aliyejifunza pale kwamba yadi 500 si 250, na kwamba risasi hutangulizwa mita 44, alikwenda vitani akiwa na sekunde 15 zenye thamani. Ndege walizoangusha vijana hao hazimo katika ile 27.

Mwaka 1946 alirudi Afrika Kusini, baadaye akafuga kondoo karibu na Kimberley. Mwaka 1948 chama cha National kilishika serikali na kuanza kuujenga ubaguzi wa rangi kwa sheria. Kilipotaka kuwaondoa wapiga kura Machotara wa Rasi katika orodha ya pamoja, askari wa zamani waliingia barabarani usiku na mienge, na Malan akawa kiongozi wao. Wakaitwa Torch Commando. Mkutano wa Johannesburg mwaka 1951 ulihudhuriwa na makumi ya maelfu, na wanachama wakafika robo milioni. Walisema hawakupigana na Wanazi Ulaya ili waje kuona Katiba inakanyagwa nyumbani.

Ujasiri huo haukwenda mbali kama ulivyopaswa. Vuguvugu lilikuwa la Wazungu. Liligawanyika juu ya kuwapokea askari wa zamani Machotara, ambao walipigana vita vilevile, na halikuthubutu kudai kura ya Waafrika waliokuwa wengi wa nchi. Baada ya chama cha National kushinda tena mwaka 1953, Torch Commando ilisambaratika. Mwaka 1956 sheria ya kuwaondoa Machotara ikapita, baada ya serikali kuijaza Seneti watu wake. Malan alikuwa amerudi shambani. Aliugua ugonjwa wa Parkinson, akafariki Kimberley tarehe 17 Septemba 1963, akiwa na miaka 53 hivi, wakati sheria alizozipinga zikiwa na nguvu kuliko alipoanza.